Kwa Nini Nilibaki na Kato

Vijana wangu, siku hizi mnanitumia picha za kamera kuukuu kwenye simu. Mmoja ameikuta kwenye sanduku la babu yake, mwingine ameiona kwa muuza vitu vya zamani ng'ambo ya mpaka, na wote mna swali moja: "Mama Nabwire, hili ni toleo la kwanza au la pili? Nichukue lipi?" Mnanifurahisha sana. Kisha mnanichosha, kwa sababu mkishauliza mnataka jibu la maneno mawili. Mimi nimeishi na mashine hizi tangu nikiwa msichana wa kuuza fremu pale Busia hadi magoti yalipokataa kuchuchumaa kwenye harusi za watu. Jibu la maneno mawili sina. Vuteni viti.

Kamera mnayoihangaikia ni ile ya macho mawili. Ni kasha lililosimama wima, lenye lenzi mbili usoni, moja juu ya nyingine. Lenzi ya juu ni ya mpiga picha kuonea. Ya chini ndiyo inayofanya kazi, inayopeleka mwanga kwenye filamu. Huinui kamera hii hadi usoni. Unaishika tumboni, unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa kama mtu anayechungulia sufuria. Ndani kuna kioo chenye ukungu, na juu ya kioo hicho dunia inatokea.

Nasema dunia inatokea kwa sababu miaka yote hii sijapata neno bora. Siku ya kwanza kuishika niliielekeza mlangoni. Barabara ya kwenda mpakani ilikuwa imejaa baiskeli za boda boda, akina mama wenye vikapu vya samaki, na malori yaliyosimama foleni. Kwenye kile kioo vyote vilikuwa vidogo, vyenye rangi nzito, vikisogea bila kelele yoyote, na aliyekuwa akielekea Uganda alionekana anarudi Kenya, maana kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Niliinua kichwa kuhakikisha kwamba ni barabara ile ile. Nikainama tena. Nilikuwa nimekaa Busia miaka mitatu baada ya kutoka kwetu Funyula, na sikuwa nimewahi kuona kwamba ni mji mzuri.

Mwenye kamera alikuwa Ssalongo. Ssalongo ni jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha, na sisi sote tulimwita hivyo; jina lake la kuzaliwa nilikuja kulijua baadaye sana. Alikuwa amevuka kutoka Uganda na vifaa vyake ndani ya mkebe wa majani ya chai, akapewa meza nyuma ya studio niliyokuwa nauzia fremu. Alitengeneza saa, redio na kamera. Alikuwa mtu mfupi, mkali kwa sauti ya chini, na mikono yake haikuwahi kuharakisha kitu chochote.

Alikuwa na kamera mbili za macho mawili, za kiwanda kimoja, zenye umbo moja, zilizopishana miaka michache tu ya kutengenezwa. Ya kwanza aliita Wasswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ya pili aliita Kato, anayefuata.

"Usiwachanganye, nnyabo," aliniambia, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Wamefanana sura. Tabia hapana."

Katikati ya miaka ya tisini aliamua kurudi kwao. Akasema moja ataondoka nayo na nyingine itabaki kwangu, nichague mimi, na akanipa mwezi mzima wa kufikiri. Nilibaki na Kato. Wajuzi wa leo huniambia nilikosea, kwamba Wasswa ndiyo adimu na ndiyo inayotafutwa. Nitawaeleza kwa nini nilichagua hivyo. Lakini acha nianze na jinsi ya kukagua, maana najua hicho ndicho mlichofuata.

Kwanza sikio. Weka kasi ya shata, kile kilango kinachofunguka kuingiza mwanga, kwenye sekunde moja, bonyeza, na usikilize. Ndani kuna magurudumu madogo ya meno yanayopunguza mwendo, na yakiwa mazima hutoa sauti nyembamba, ndefu, isiyokatika. Ssalongo alikuwa akifumba macho akiisikiliza. "Waliotengeneza hii hawakuwa na haraka," alikuwa akisema, na sauti yake ilishuka kama ya mtu aliye kanisani. Ikisita katikati, mafuta yamekauka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Nikamsikia Wasswa akisita, nikajiambia kumbe ni kiu tu, nikachukua mafuta ya cherehani nikamwagia matone matatu. Yakatambaa hadi kwenye vile vijipande vyembamba vinavyofunguka na kufunga nyuma ya lenzi, vikagandamana, shata ikawa haifunguki kabisa. Ssalongo hakunigombeza. Alifungua yote, akaweka vipande kwenye sahani nyeupe, akanipa petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya chuma na vijiti vya pamba, akasema, "Wewe ndiye ulimpikia. Sasa mwoshe." Niliosha wiki nzima. Sehemu ile ya shata hutaka kuwa kavu, na leo nikimwona kijana na chupa ya mafuta karibu na kamera moyo hunienda mbio.

Pili, pumua juu ya lenzi, polepole, mvuke utande. Mvuke unapoondoka mikwaruzo yote hujitokeza. Kisha elekeza lenzi kwenye mwanga uangalie kuvu. Kamera zilizokaa karibu na ziwa mara nyingi huwa na kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama za buibui, na huwezi kuifuta kwa nje hata ukisugua mpaka kesho. Tazama pia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimetafunwa, jua kuna mtu alikutangulia na kisu cha jikoni.

Tatu, na hii iandikeni mahali: msidanganywe na jicho la juu. Nilipokwisha kujifunza kupiga picha, nilikuwa nikienda Malaba, mpaka wa jirani, mara kwa mara kupiga picha madereva wa malori. Walipenda kupigwa wakiegemea lori, mkono mmoja kwenye kioo cha pembeni, kofia imesogezwa nyuma, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu hakuna aliyekuwa na haraka. Siku moja dereva mmoja akanionyesha kamera ya macho mawili. Nikafungua kifuniko, nikainama, nikaona Malaba nzima imetulia kwenye kioo, safi ajabu. Nikainunua hapo hapo, nikarudi Busia nikiimba. Ssalongo akafungua mgongo, akaingiza kidole kwa nyuma, kioo cha mbele kikadondoka, kidole kikatokea, akanipungia nacho. Lenzi ya chini haikuwepo, wala shata yake. Mahali pake palikuwa na pete tupu iliyokuwa imezibwa kwa kioo cha saa ya mkono. Nilikuwa nimenunua dirisha.

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitaka kulia.

Haya, tofauti za matoleo. Wasswa ana kidirisha chekundu mgongoni. Unazungusha filamu kwa mkono huku ukichungulia pale mpaka namba ya picha inayofuata itokee. Ni kazi ya taratibu, lakini unaona kwa macho yako filamu iko wapi. Ubaya wake ni kwamba filamu za siku zile zilikuwa kali, zikinasa mwanga upesi kuliko za zamani, na kidirisha kikiachwa wazi kwenye jua letu kiliingiza mwanga na kuweka doa katikati ya uso wa bibi harusi. Mimi nilikibandika kipande cha mkanda mweusi. Kato hana kidirisha. Anajihesabia mwenyewe na kujifunga kila picha inapofika mahali pake. Raha sana, ila akiharibika haambii mtu, analaza picha moja juu ya nyingine, na utajua baada ya kuosha filamu.

Lakini tofauti kubwa iko kwenye lenzi ya chini. Ya Wasswa imejengwa kwa vipande vitatu vya kioo, ya Kato kwa vinne. Ukifungua tundu la lenzi lote, Wasswa hushika vizuri katikati peke yake. Kando kando na kwenye pembe vitu huyeyuka, vinakuwa laini, kama vimefunikwa na pumzi. Kato hushika kila kitu. Pembe hadi pembe, uzi wa shati, kovu la utotoni, vumbi kwenye nyusi. Wasswa alipendwa na wateja. Kila mama aliyepigwa na Wasswa alijiona amerudi usichana. Kato tulimtumia kwa watu wa vitambulisho, na mara nyingi walinuna.

Mwezi ule wa kuchagua nilikuwa nimeshaamua kimoyomoyo kwamba nitabaki na Wasswa. Ndipo akaja mzee Emojong.

Alikuja asubuhi, amebebwa na boda boda ya baiskeli, amevaa koti lenye mikono mirefu mno ingawa jua lilikuwa kali. Kulikuwa na wanawake wawili kwenye benchi wakingojea picha za kitambulisho. Walimtazama usoni, wakatazama viatu vyake vilivyokatwa kwa mbele, na wote wawili kwa ghafla wakakumbuka kwamba wana shughuli sokoni. Akangoja hadi wakatoka.

"Yoga, dada," akanisalimu Kiteso.

"Yoga noi, mzee. Karibu ukae."

"Mimi naitwa Emojong. Natoka hapo Alupe, kwa hospitali. Nilikuwa na ukoma. Nimepona, karatasi ya daktari iko." Akainamisha kichwa kuelekea mfuko wa koti ili nijue karatasi ilipo. "Hiyo mashine yako, inaweza onyesha mkono?"

Nikamjibu haraka, kwa huruma yangu yote. "Usijali kabisa, mzee. Haitaonyesha."

Alinitazama kidogo, kisha akanyamaza. Alikuwa mtu wa adabu. Mimi nikadhani ule ukimya ni shukrani.

Akanieleza shida yake. Alipougua aliondoka kwake Adungosi akimwacha binti yake, Asio, akijifunza kutembea. Mama wa mtoto alifariki baadaye, mtoto akalelewa na nyanya yake. Sasa Asio alikuwa mwanamke mzima, anauza sokoni. Emojong alikuwa amepona zamani, lakini alibaki kule kule akilima shamba dogo karibu na hospitali, kwa kuwa hakujua kama kuna mtu anayemngoja. Kutoka Alupe hadi Adungosi ni asubuhi moja kwa baiskeli, vijana wangu. Mzee huyu alikuwa ameshindwa kuvuka asubuhi moja kwa karibu miaka ishirini.

"Sitaki kumfikia tu ghafla," akasema. "Nataka aone picha kwanza. Akisema nikuje, nitaenda. Akinyamaza, nitajua, na sitamsumbua."

Nikamchukua Wasswa. Wala sikufikiri mara mbili. Nilimkalisha karibu na dirisha, nikafungua tundu la lenzi lote, nikalenga macho yake, na mikono nikaiweka chini kabisa pembeni mwa picha, pale ambapo nilijua Wasswa ataiyeyusha. Nilijiona fundi. Nilipiga tatu, nikaosha filamu siku hiyo hiyo, nikasafisha picha moja kubwa kwenye karatasi nzuri iliyobaki.

Ilikuwa picha ya kupendeza kuliko zote nilizowahi kupiga hadi siku ile. Uso ulikuwa na heshima, macho yalikuwa na maji kidogo, na chini pale mikono ilikuwa imeishia kwenye wingu la kijivu. Nilimwonyesha Ssalongo. Akaishika kwa kingo, akaitazama.

"Nzuri," akasema. "Ni ya nani?"

"Ya yule mzee wa Alupe."

"Mm," akasema, akarudi kwenye redio yake. Nilikasirika kwamba hakunisifu.

Mzee Emojong akarudi siku ya ahadi. Nikaiweka picha mezani mbele yake, maana kuishika ingekuwa shida, nikasimama pembeni nikingoja atabasamu. Akaitazama muda mrefu. Boda boda wake alipiga kengele nje, yeye hakugeuka.

"Huyu mtu ni mzuri," akasema mwishowe. "Lakini dada, Asio akianza kungoja huyu, mimi nikifika atakuwa bado anangoja."



"Nilikuuliza kama mashine inaweza onyesha mkono," akaendelea, kwa upole ule ule. "Nilikuwa naomba ionyeshe. Uso hata yeye anaweza kisia. Mkono ndio atakula nayo pamoja kwa meza."

Nimeaibika mara nyingi katika kazi hii, nimepoteza filamu za harusi na kumpiga askofu akiwa amefumba macho. Aibu ya siku ile ilikuwa ya aina nyingine. Nilikuwa nimemficha mtu aliyekuja mwenyewe kuomba kuonekana, na nikajiita mwenye huruma. Nikamwambia nisamehe, mzee. Akasema hakuna ubaya, watu wengi humfanyia hivyo, na wote ni watu wazuri.

Nyuma yangu nikasikia kiti kikisogea. Ssalongo alikuwa amesimama, ameshika Kato kwa mikono miwili. Akaniwekea mezani, akarudi kukaa.

Mzee Emojong alikunja mikono ya koti mwenyewe, kwa kuisugua juu ya mapaja yake mpaka ikapanda kwenye viwiko. Akaweka mikono juu ya magoti, viganja chini, mbele kabisa. Kwenye kifuniko cha kamera hizi kuna kioo kidogo cha kukuzia, unakiinua unapotaka kulenga kwa uhakika. Nilikiinua, nikasogeza jicho, nikazungusha kitasa cha pembeni mpaka mikono ile ikasimama wazi.

Nawaambia ukweli. Kwa macho ya kawaida nilikuwa nimeikwepa, nilikuwa naiona kwa kuipitia tu kama tunavyofanya wote. Sasa ilikuwa imenijaa jichoni na sikuwa na pa kukimbilia. Ngozi ilikuwa laini na yenye kung'aa kama mpini wa jembe la siku nyingi. Vidole vya kushoto vilikuwa vimefupika vyote. Wa kulia ulikuwa na kidole gumba kizima, kirefu, chenye nguvu, kimesimama peke yake kando ya vile vingine vilivyoishia kwenye kifundo. Na kwenye ukingo wa kiganja kulikuwa na sugu, ngumu, ya manjano.

"Hiyo sugu ni ya nini, mzee?" nikauliza bila kuinua kichwa.

"Ya jembe. Nashika na gumba, nasukuma na hapa. Mahindi yangu ni mazuri kuliko ya daktari." Akacheka kidogo.

Mtu huyu alikuwa amejifunza kila kitu mara mbili. Kula mara mbili, kufunga kifungo mara mbili, kulima mara mbili, na ile mara ya pili hakukuwa na mama wa kumwelekeza. Yote hayo yalikuwa yameandikwa pale kwenye kioo kisichozidi upana wa kiganja changu, kimya, kulia kukiwa kushoto. Nilistaajabu, na mshangao huo haujanitoka hadi leo. Nilikuwa nimedhani mashine ya ajabu ni ile inayofanya watu wapendeze.

Nikabana tundu la lenzi liwe dogo ili kila kitu kishike, kuanzia mikono hadi macho. Tundu likiwa dogo hivyo mwanga wa dirishani hutaka muda, kwa hiyo niliweka nusu sekunde. Nikamwambia asitikisike.

"Piga moja tu," akasema. "Zikiwa nyingi itakuwa kama naomba."

Nikapiga moja. Ile sauti nyembamba ya magurudumu ikalia, ikaisha. Hakuwa ametikisika hata unywele.

Picha ilipokauka kila kitu kilikuwepo. Mikunjo ya uso, sugu, kile kidole gumba. Mzee Emojong aliitazama mara moja tu akasema, "Sasa huyu ni mimi." Alitaka kumpa boda boda aipeleke. Nikamwambia nitaipeleka mwenyewe. Sikumwambia ni kwa sababu nilikuwa na deni la aibu, lakini nadhani alijua.

Nilienda Adungosi siku ya soko, bahasha nimeificha ndani ya gazeti lisikunjike. Niliuliza Asio anayeuza mihogo mikavu, nikaonyeshwa. Hata nisingeonyeshwa ningemtambua. Lilikuwa paji lile lile la uso nililolilenga mara mbili kwenye kioo.

Nikamwambia mimi ni mpiga picha wa Busia na nimetumwa. Akapangusa mikono kwenye leso kabla ya kupokea bahasha. Akatoa picha.

"Ni nani?" akauliza, ingawa nadhani alikuwa ameshajua.

"Ni baba yako. Amepona. Anauliza kama anaweza kuja."

Akaketi juu ya gunia. "Watu walisema alikufa," akasema. "Nyanya alisema yuko hospitali. Mimi nilishika ya nyanya."

Uso wa picha aliutazama kidogo tu. Mikono aliitazama na kuitazama. Wateja wawili walikuja wakauliza bei, hakuwajibu, wakaenda. Mimi nilikuwa nimesimama juani nikihesabu makosa yangu. Nikawaza pengine Wasswa alikuwa sahihi. Pengine ningemletea lile wingu la kijivu angekuwa ameshatabasamu, na mengine yangejitengeneza baadaye. Nilitaka kumnyang'anya ile picha mkononi.

"Hii kidole moja iko?" akauliza ghafla.

"Iko. Gumba la mkono wa kulia. Lina nguvu sana."

Akamwomba jirani yake amwangalizie mihogo, akainuka na picha yake, akavuka njia hadi kwa muuza vyombo. Nikamfuata, sijui anakwenda wapi. Pale chini kulikuwa na mabeseni, sufuria na vikombe vya bati vya kila ukubwa vimepangwa juu ya turubai. Akaegemeza picha kwenye beseni, akachuchumaa. Kisha akakunja vidole vinne vya mkono wake wa kulia ndani ya kiganja, akaacha gumba peke yake, akaitazama picha tena kuhakikisha, na kwa mkono ule uliokunjwa akajaribu kuinua kikombe.

Kikaanguka. Akachukua kingine. Shikio lilikuwa dogo, ngumi haikupita.

"Dada, unanunua ama unacheza?" muuzaji akauliza.

"Ngoja," akasema Asio, bila kumtazama.

Akajaribu cha tatu, akajaribu cha nne. Cha tano kilikuwa kikombe kikubwa cha buluu chenye shikio pana, na ngumi yake ikapita yote, gumba likakaa juu. Akakiinua. Nikadhani amemaliza, lakini akakirudisha chini.

"Weka maji," akamwambia muuzaji. "Kikombe tupu ni nyepesi."

Yule mtu akanitazama mimi, nikamwitikia kwa kichwa. Akamimina maji kutoka kwenye mtungi wake hadi juu. Asio akapitisha ngumi kwenye shikio, akakaza gumba, akakiinua polepole mpaka mdomoni, na hakuna tone lililomwagika.

"Hiki," akasema. Kisha akanigeukia, kikombe bado kiko juu. "Mwambie Papa akuje."